Kuingia Chumba cha Mionzi kabla ya Safari: Uhalisia Pepe na Elimu ya Mgonjwa wa Saratani

Katika lugha ya kila siku, mgonjwa wa saratani anayepelekwa Dar es Salaam kwa ajili ya tiba ya mionzi husemwa kwamba "anakwenda kupigwa mionzi". Wengine husema "kuchomwa mionzi". Vitenzi hivyo viwili humweleza mgonjwa habari nzima ya matibabu yake kabla hajaonana na daktari, na habari hiyo si ya kweli. Ndani ya chumba cha mionzi hakuna kinachompiga mgonjwa, wala hakuna moto. Mionzi yenyewe haionekani, hainuki, haisikiki wala haigusiki, na jambo lisilotambulikana kwa mlango wowote wa fahamu huachia nafasi kubwa uvumi.

Hebu tuanze na hilo la kuchoma, maana linaweza kupimwa. Kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili huitwa grei. Grei 1 ni sawa na jouli 1 ya nishati iliyoingia katika kila kilo moja ya mwili. Kwa kawaida mgonjwa hupewa grei 2 hivi kwa siku. Mwanafunzi wa sekondari anafahamu kwamba kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji, jouli 2 kwa kilo zitaupasha mwili joto kwa chini ya sehemu moja ya elfu mbili ya nyuzi moja. Kikombe kimoja cha chai ya moto humwingizia mnywaji joto lililo mamia ya mara zaidi ya hilo, na hakuna anayesema kwamba amechomwa chai.

Basi, ikiwa nishati ni ndogo kiasi hicho, yawezaje kuua saratani? Jibu limo katika namna nishati hiyo inavyogawanywa. Joto la chai husambaa kwa usawa katika molekuli zote, na kila moja hupata kidogo sana. Miali ya gama na eksirei huja kwa mafungu madogo yaliyokolea, na kila fungu lina nguvu ya kutosha kung'oa elektroni kutoka katika atomi. Elektroni zilizong'olewa hukata nyuzi za DNA zilizomo ndani ya kiini cha seli, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia molekuli za maji zilizovunjika. Seli ambayo nyuzi zote mbili za DNA yake zimekatwa mahali pamoja hupata taabu kubwa kujitengeneza, na inapojaribu kugawanyika hufa. Seli za saratani hugawanyika bila mpango na hujitengeneza vibaya. Seli nzima za jirani hujitengeneza vizuri zaidi iwapo zitapewa muda. Hiyo ndiyo sababu dozi ya grei 50 haitolewi siku moja. Hugawanywa, tuseme, katika siku 25, siku tano kwa juma, kwa majuma matano.

Mgawanyo huo una sharti moja gumu: hesabu isikatizwe. Seli za saratani zilizosalia hutumia kila siku ya mapumziko yasiyopangwa ili kuongezeka tena. Uchunguzi uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1992, kuhusu wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi, ulionyesha kwamba uwezo wa kuudhibiti ugonjwa ulipungua kwa karibu asilimia 1 kwa kila siku iliyozidi siku 30 za matibabu. Mgonjwa aliyeingiwa na hofu katika juma la pili, akaondoka kwenda nyumbani "kutafakari", kisha akarudi baada ya majuma mawili, amepoteza kitu ambacho mashine bora kuliko zote haiwezi kumrudishia. Hofu, kwa hiyo, ni jambo linaloingia katika hesabu ya tiba kama vile dozi inavyoingia.

Safari ya mgonjwa wa Namasakata

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020 yanaonyesha kwamba Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 katika mwaka huo, na wapatao 10,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi. Ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018. Chanjo, hata hivyo, huwakinga mabinti; haiwaponyi mama zao ambao tayari wameugua.

Tuchukue mfano wa mama wa makamo anayeishi Namasakata, mkoani Ruvuma, ambaye ameanza kutokwa damu isiyo ya mwezini. Njia yake ya kawaida huanzia zahanati, huenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Ikithibitishwa kwamba ni saratani na kwamba anahitaji mionzi, atapewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo la zamani la hospitali hiyo lilifunguliwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1897, na ndimo Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa vijidudu, alimofanyia uchunguzi wake wa malaria; taasisi ya saratani yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa barabara ya Makambako na Iringa ni zaidi ya kilomita 900. Mama huyo huacha shamba, huacha wajukuu, huchanga nauli pamoja na ndugu, na huenda akakaa mjini miezi miwili. Wengi hufika wakati ugonjwa umekwisha kuenea, na kwa hiyo wapo wanaofia huko. Habari za waliokufa hurudi kijijini upesi kuliko habari za waliopona, na aliyesikia kwamba jirani "alipigwa mionzi akafa" hawezi kulaumiwa akidhani kwamba mionzi ndiyo iliyoua.

Kwa watu wa Ruvuma neno hilo lina uzito wa pekee. Katika bonde la mto Mkuju, wilayani Namtumbo, imegunduliwa mashapo makubwa ya urani, na katika mazungumzo ya mgodi mionzi hutajwa kama hatari ya kujikinga nayo. Mtu yule yule aliyeambiwa aiogope mionzi ya mwambani anaambiwa sasa alale kimya mbele ya mashine inayoitoa. Pasipo kuelezwa tofauti ya chanzo, kipimo na shabaha, anayo haki ya kuona kwamba wataalamu wanajipinga wenyewe.

Maelezo hutolewa, bila shaka. Lakini hutolewa mara nyingi katika dakika chache, kwa mtu aliyechoka na safari, aliyetoka kuambiwa jina la ugonjwa wake, na kwa Kiswahili cha hospitali ambacho ni mbali na Kiyao au Kingoni anachokitumia nyumbani. Anaitikia kwa adabu. Kuitikia huko si kuelewa. Zaidi ya hayo, kuna mambo ambayo maneno hayayafikishi kamwe: ukubwa wa mashine, kichwa chake kinachozunguka juu ya mgonjwa, unene wa mlango, na kule kubaki peke yako chumbani baada ya wahudumu wote kutoka nje kwa haraka. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi ya mgonjwa kutoachwa peke yake hata usiku mmoja, hilo la mwisho pengine ndilo zito kuliko yote.

Macho mawili, picha mbili

Katika nchi kadhaa pamejaribiwa njia ya kumwingiza mgonjwa katika chumba hicho kabla hajakifikia, kwa kutumia kile kinachoitwa uhalisia pepe. Jina ni geni lakini msingi wake ni wa zamani, na mwalimu wa fizikia anaweza kuuonyesha darasani bila chombo chochote. Mwanafunzi anyooshe mkono, ainue kidole gumba mbele ya uso, kisha afumbe jicho la kushoto na la kulia kwa zamu. Kidole kitaonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele ya ukuta. Macho ya mtu mzima yametengana kwa sentimita 6 hivi, na kwa hiyo kila jicho hupata picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake. Kitu kilicho umbali wa sentimita 60 huyafanya macho mawili yakikabili kwa pembe ya nyuzi 6 hivi. Kikisogezwa hadi mita 6, pembe hiyo hupungua hadi nusu ya nyuzi au zaidi kidogo. Ubongo huitumia tofauti hii kukadiria umbali, wala mwenye ubongo huo hana habari kwamba hesabu imefanywa.

Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kwamba jambo hili laweza kugeuzwa. Alichora picha mbili za kitu kimoja, kila moja kama inavyoonwa na jicho lake, akazipeleka kwa kila jicho peke yake kwa kutumia vioo. Mtazamaji hakuona karatasi mbili bapa. Aliona kitu kimoja chenye kina. Uhalisia pepe ni wazo la Wheatstone lililoongezewa mwendo. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza kifaa cha kuvaliwa kichwani chenye skrini ndogo mbili zilizounganishwa na kompyuta. Kifaa hicho kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe kwenye dari. Ubora wake ulikuwa huu: mvaaji alipogeuza kichwa, kompyuta ilichora upya picha zote mbili ili zilingane na upande aliotazama.

Leo kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa na simu ya mkononi. Skrini ya simu hugawanywa sehemu mbili, moja kwa kila jicho. Mbele ya kila sehemu huwekwa lenzi mbinuko ambayo umbali wake wa fokasi ni sentimita 4 hivi. Kwa kuwa skrini imewekwa karibu na mahali pa fokasi, miale inayotoka katika kila nukta ya skrini huliingia jicho ikiwa karibu sambamba, kama kwamba imetoka mbali sana. Jicho hutulia bila kujikaza kutazama kitu kilicho sentimita chache tu mbele yake. Ndani ya simu mna vipima-mchapuko na jairoskopu, vijidubwana vidogo kuliko punje ya mchele, ambavyo hutambua kila mzunguko wa kichwa. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilionyesha kwamba kasha la kuishikilia simu pamoja na lenzi zake linaweza kukatwa kutoka katika boksi la kawaida.

Kuna kizuizi kimoja kinachotokana na maumbile. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, nayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapozunguka. Ikiwa picha inachelewa kukifuata kichwa kwa zaidi ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, jicho na sikio hutoa ushahidi unaopingana, na mtu hupatwa na kichefuchefu kama cha abiria wa basi katika kona za Kitonga. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa huenda tayari ana kichefuchefu cha kumtosha. Filamu yoyote ya kumwelimisha hapana budi iwe fupi, na mpiga picha asitembee na kamera: kamera isimame mahali pamoja, mgonjwa ndiye ageuze kichwa.

Kutoka Hull na Aarhus

Chombo kilichofungua njia hii katika tiba ya mionzi hakikukusudiwa wagonjwa. Katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, wataalamu wa kompyuta Roger Phillips na James Ward, pamoja na mwanafizikia wa hospitali Andrew Beavis, walishirikiana na wenzao wa Aarhus, Denmark, kutengeneza chumba cha mionzi cha kuigiza, kinachojulikana kwa kifupi kama VERT. Picha kubwa hutupwa ukutani, watazamaji huvaa miwani maalumu, na mashine nzima huonekana imesimama mbele yao kwa ukubwa wake halisi. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya walimu: wanafunzi wa fani ya mionzi walihitaji kujifunza kuiendesha mashine, lakini mashine zilikuwa na wagonjwa tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya mwaka 2007 vyuo vya mafunzo nchini Uingereza vilianza kufungiwa mitambo hiyo.

Baadaye ikaonekana kwamba kile kinachomsaidia mwanafunzi chaweza kumsaidia hata mgonjwa. VERT inao uwezo ambao chumba halisi hakina: inaweza kuufanya mwili uwe kama kioo. Mtazamaji huona viungo vya ndani, uvimbe ulipo, na miale ikiingia kutoka pande nne au zaidi na kukutana mahali pamoja. Hapo ndipo mgonjwa hupata jibu la swali ambalo wengi huliuliza na wachache hujibiwa vizuri: kwa nini mashine inanizunguka? Inazunguka ili njia ya kila mwale ipite katika ngozi na nyama tofauti, na sehemu zile nzima zipate dozi ndogo, wakati ule uvimbe ulio katikati unapata jumla ya zote. Mchoro wa ubaoni hueleza jambo hilo kwa dakika kumi. Picha yenye kina hulieleza kwa sekunde chache.

Yafaa kusema wazi kile kilichothibitishwa na kile ambacho bado. Mwaka 2018 watafiti nchini Australia, wakiongozwa na Yobelli Jimenez, walichapisha matokeo ya kuwaelimisha wagonjwa wa saratani ya matiti kwa VERT, wakiwalinganisha na waliopata maelezo ya kawaida. Waliotumia VERT walikuwa na ujuzi mkubwa zaidi kuhusu tiba yao. Ama wasiwasi, huo ulipungua kadiri siku zilivyopita katika makundi yote mawili. Wagonjwa wote hawakufika hamsini, na wote waliishi katika nchi yenye mashine nyingi. Anayetaka kuutumia uhalisia pepe kama dawa ya hofu hana bado msingi imara. Anayeutumia kama chombo cha kufundishia anao.

Filamu ya Kiswahili ingeonyesha nini?

Mtambo wa Hull hauwezi kupelekwa Namasakata, wala si lazima. Kamera yenye lenzi mbili pana zilizogeuziana mgongo hupiga picha ya pande zote kwa mara moja. Kompyuta huziunga picha hizo kuwa tufe moja ambalo mtazamaji huwekwa katikati yake. Filamu ya namna hiyo, iliyopigwa ndani ya chumba halisi cha mionzi kabla ya wagonjwa kuingia asubuhi, inaweza kuhifadhiwa ndani ya simu moja na kutazamwa Songea, Tunduru au Mbinga pasipo intaneti. Kinachohitaji fikra ni yaliyomo.

Ni budi ionyeshe kwanza alama zinazochorwa juu ya ngozi, na ieleze kwamba zisioshwe, maana ndizo zinazoiongoza shabaha kila siku. Ionyeshe kitanda kigumu na jinsi mgonjwa anavyositiriwa, kwa kuwa mama wa Ruvuma huogopa kuvuliwa nguo mbele ya wageni pengine kuliko anavyoiogopa mashine. Iwaonyeshe wahudumu wakitoka nje. Hapo filamu isimame, kisha imfuate mhudumu hadi chumba cha pili, na mgonjwa aone kwa macho yake kwamba yule aliyetoka ameketi mbele ya runinga akimtazama yeye, na kwamba kuna kipaza sauti cha kuzungumzia. Mhudumu hutoka kwa sababu yeye huwa kazini mwaka mzima. Dozi ndogo ya kila mgonjwa ingekusanyika katika mwili wake ambao haukuhitaji tiba. Mgonjwa akilijua hilo hatasema tena kwamba wamekimbia.

Jambo jingine ni la saa. Kwa miaka mingi Ocean Road ilitegemea mashine za kobalti, na mwaka 2018 iliongezewa mashine za umeme zinazozalisha eksirei kwa kuzipa elektroni kasi kubwa. Katika mashine ya kobalti chanzo cha mionzi ni kobalti-60, inayopatikana kwa kuipiga kobalti ya kawaida kwa nyutroni ndani ya mtambo wa nyuklia. Atomi zake huvunjika zenyewe na kugeuka nikeli, na kila inayovunjika hutoa miali miwili ya gama. Nusu-uhai wake ni miaka 5.27: baada ya muda huo nusu ya atomi zimekwisha kuvunjika. Maana yake kwa mgonjwa ni nyepesi. Ikiwa chanzo kipya kilitoa dozi ya siku kwa dakika 2, baada ya miaka 5.27 dozi ile ile itahitaji dakika 4. Kwa mwezi upungufu ni kama asilimia 1.1, nao wanafizikia wa hospitali huusahihisha kwa kurefusha muda. Wagonjwa wawili wanaolinganisha saa zao kwenye benchi, mmoja aliyetibiwa kwa kobalti iliyochakaa na mwingine kwa mashine ya umeme, wanaweza kuhitimisha kwamba mmoja "amezidishiwa" na mwingine "amepunjwa". Hesabu hii ya kidato cha nne ingeuzima ugomvi huo.

Ama madhara, filamu haina ruhusa ya kuyaficha. Mionzi ya nyonga huweza kuleta uchovu, kuharisha, kukojoa kwa maumivu. Ngozi inaweza kuwa nyeusi na kuwasha. Mwanamke ambaye bado anapata siku zake ataacha kuzipata, wala hatazaa tena. Jambo hilo hustahili kusemwa na mtu, ana kwa ana, huku miwani imevuliwa, na mume au ndugu akiwapo ikiwa mgonjwa mwenyewe ataka. Filamu nzuri inayomtuliza mgonjwa kwa kumnyima habari hiyo ingekuwa udanganyifu wenye mitambo ya kisasa.

Yako pia mambo madogo yanayoweza kuuvunja mpango mkubwa. Simu huhitaji chaji na lenzi hukusanya vumbi. Kasha linalogusa nyuso za watu wengi lazima lifutwe kwa spiriti kila mara, na la boksi haliwezi kufutwa, hivyo la plastiki lafaa zaidi ingawa ni ghali. Asiyeona kwa jicho moja hatapata kina, japo atageuka na kutazama pande zote. Mzee mwenye kizunguzungu asivalishwe kabisa. Na mahali ambapo yupo mwanamke aliyetibiwa akapona, aliye tayari kusimulia kwa Kiyao aliyoyapitia, mhudumu atakuwa na hasara akimwacha nje na kumvalisha mgonjwa miwani. Hao wawili wanafaa wafuatane.

Wala elimu haizai mashine. Mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika mwaka 2016, na nyingine mpya haikuzinduliwa hadi mwanzoni mwa 2018. Katika kipindi hicho mgonjwa aliyefahamu kila kitu kuhusu mionzi na yule asiyefahamu kitu walikuwa na shida moja. Nchini Tanzania Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa tiba hiyo, na hilo limewapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa. Kwa mtu wa Ruvuma barabara ya Dar es Salaam ni ile ile.

Sehemu ya mwisho ya filamu ingefaa ihusu kurudi nyumbani, kwa sababu hofu nyingine humngoja mgonjwa huko. Wapo majirani wasiotaka kula naye sahani moja, wakidhani kwamba amebeba mionzi mwilini. Miali inayotoka kwenye mashine hupita mwilini kama mwanga upitavyo kwenye dirisha. Mashine ikifungwa hakuna kinachobaki, kama vile taa ikizimwa dirisha haliendelei kuwaka. Katika tiba ya ndani, ambamo chanzo kidogo cha mionzi huingizwa kwa mrija hadi karibu na shingo ya kizazi, chanzo hicho hukaa dakika chache tu kisha hurudishwa ndani ya sanduku lake lenye kinga nzito, na mgonjwa hutoka bila hata chembe. Anaweza kupika, kulala chumba kimoja na wajukuu na kuwapakata siku ile ile anayofika. Anachotakiwa kuja nacho kutoka hospitali ni tarehe za kurudi kliniki, na karatasi inayoeleza aina ya tiba na jumla ya grei alizopewa, ili daktari wa wilaya atakayemwona miaka mitano baadaye ajue sehemu ile ya mwili imekwisha pokea kiasi gani.